Kii ni ya Mwimbaji

Nazungumza na wapiga gitaa, hasa ninyi mnaopiga nyuma ya mwimbaji: kanisani, kwenye kwaya, harusini, ukumbini, au kibarazani jioni vijana wa mtaa mnapokutana. Nazungumza pia na waimbaji wenyewe, maana jambo hili linawagusa wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Nataka tuizungumzie kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa: namna ya kuichagua, namna ya kuifunga, na namna ya kubadili kii haraka hata wimbo ukiwa unaendelea.

Hali hii mnaifahamu. Mwimbaji amesimama mbele ya watu. Mpiga gitaa anaanza kwa G, kwa sababu nyimbo zake zote amezizoea kwa G. Ubeti wa kwanza unapita salama. Kiitikio kinapofika, mwimbaji anakaza mishipa ya shingo, nota za juu zinampasukia, na watu wanaondoka wakisema huyu hana sauti. Sauti anayo. Angeshushiwa wimbo nusu toni tatu tu, angeimba akitabasamu. Ndiyo maana nasema, na hoja yangu yote leo ni hii: kii ya wimbo ni mali ya mwimbaji, na kazi ya mpiga gitaa ni kumfuata pale alipo. Kapo ni chombo cha kumfuatia.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa freti, na kila freti ni nusu toni moja. Nusu toni 12 zinatimiza oktava. Ukifunga kapo kwenye freti ya kwanza, nyuzi zote sita zinapanda nusu toni; ukiifunga freti ya 2, zinapanda toni nzima. Gitaa la nyuzi za nailoni huwa na uzi wenye urefu wa milimita 650 hivi, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Kapo ikikaa freti ya 5 inakata robo ya urefu huo. Ikikaa freti ya 7 inakata theluthi. Freti ya 12 ni nusu ya uzi, na hapo umepanda oktava nzima.

Wale mlioimba kwaya kwa sol-fa mtalielewa hili upesi. Mwalimu wa kwaya akiwapa Do, hamjifunzi wimbo upya. Do iwe juu au iwe chini, mi inabaki mi na so inabaki so, na umbali kati yao ni uleule. Mfumo huo wa Do inayohama, ambao mchungaji Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta kwetu, ndio kapo inaoufanya juu ya gitaa. Vidole vinabaki katika maumbo vilivyoyazoea, na Do inahama.

Kwa mfano, unapiga nyimbo zako kwa umbo la G, yaani kodi za G, C na D. Funga kapo freti ya 2, kodi hizohizo zinalia A, D na E. Freti ya 3, uko katika B fleti. Freti ya 5, uko katika C. Umbo la C nalo likifungiwa freti ya 2 linakuwa D, freti ya 3 linakuwa E fleti, na freti ya 5 linakuwa F. Umbo la D ukilifungia freti ya 2 unapata E, na freti ya 3 unapata F. Huhitaji kukariri jedwali refu. Hesabu nusu toni kutoka jina la umbo lako hadi jina la kii unayoitaka, na idadi hiyo ndiyo namba ya freti. Kumbuka tu kwamba kati ya E na F hakuna nota nyingine, wala kati ya B na C. Katika ngazi ya C hizo ndizo mi na fa, ti na do, ambazo wanakwaya wanazijua kuwa zimekaribiana.

Sasa mtu atauliza: mpiga gitaa hodari si anaweza kupiga kii yoyote bila kapo, kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote? Anaweza, na kila mpigaji ajifunze kufanya hivyo. Lakini mlio haulingani. Nyuzi zilizo wazi hulia kwa muda mrefu, kwa sauti safi, nazo ndizo zinazolipa gitaa kavu utamu wake. Mfikirieni Jean Bosco Mwenda, mwana wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Upigaji wake ni wa vidole viwili: gumba linatembeza besi, shahada inacharaza melodi. Kijana akiusomea mtindo huo katika C, kisha mwimbaji wake akamwomba E fleti, akijaribu kuuhamisha kwa kulaza kidole mkono wake wa kushoto utakuwa umefungwa, na vidole vya kutafutia melodi vitakuwa vichache mno. Akifunga kapo freti ya 3 anapiga yaleyale aliyoyasomea, na wimbo unatoka E fleti ukiwa na uhai wake wote.

Wapo wanaosema kapo ni ya wanafunzi, ya watu wasiojua kodi. Kauli hiyo haina msingi. Huko Andalusia, kusini mwa Hispania, katika muziki wa flamenko, uimbaji ndio unaotangulia na gitaa linafuata. Mwimbaji anamtajia mpigaji namba ya freti na moja kati ya maumbo mawili makuu, lile linaloegemea E na lile linaloegemea A. Mpigaji anafunga kapo hapo alipoambiwa, na wimbo unaanza. Paco de Lucía, ambaye hakuna mtu mwenye masikio atakayemwita mwanafunzi, alipiga akiwa amefunga kapo. Marekani, mpigaji wa bluzi Albert Collins alifunga kapo juu kwenye shingo ya gitaa la umeme, na mlio wake mkali ukawa alama yake duniani. George Harrison wa The Beatles alifunga kapo freti ya 7 katika wimbo wake “Here Comes the Sun” wa mwaka 1969, vidole vikipiga umbo la D na wimbo ukitoka katika A. Kijana anayedharauliwa kwa sababu ya kapo awataje hao.

Twende dukani. Chombo hiki kina umri: James Ashborn, mtengenezaji wa magitaa wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya kapo yake mwaka 1850. Leo utakutana na aina nyingi, lakini nne ndizo zinazohusika zaidi.

Aina ya kwanza ni ya springi. Unaibana kwa mkono mmoja, unaiweka, unaiachia. Kampuni ya Kyser ya Texas ni miongoni mwa watengenezaji wake wanaojulikana sana. Kwa kubadili kii haraka hakuna inayoishinda hii, na usipoitumia unaibana tu kwenye kichwa cha gitaa, inakusubiri hapo. Upungufu wake ni kwamba nguvu ya springi huwezi kuipunguza. Ikiwa kali kuliko gitaa lako linavyohitaji, inazisukuma nyuzi chini kupita kiasi na sauti zinapanda.

Aina ya pili ni ya wenzo, kama ile iliyobuniwa California na Rick Shubb na Dave Coontz. Ina parafujo ndogo unayoipima kwa unene wa shingo yako. Ukishaipima, unaifunga kwa kukandamiza wenzo mara moja. Inatunza sauti vizuri kuliko ya springi, lakini inataka sekunde chache zaidi, na shingo inaponenepa kuelekea mwili wa gitaa inabidi uilegeze kidogo.

Aina ya tatu ni ya parafujo peke yake. Hii unaikaza taratibu mpaka uzi wa mwisho usikwaruze, wala huzidishi hata kidogo. Studio, mahali ambapo kila nota inasikika peke yake, hiyo ndiyo ningependekeza. Jukwaani inakuchelewesha.

Aina ya nne ni ya ukanda wa mpira au wa nailoni. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, ila ukanda hulegea kadiri unavyotumika. Ndugu wa karibu wa hiyo ni kapo ya kujitengenezea: penseli na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unaozungushwa nyuma ya shingo na kufungwa kwa nguvu. Asiye na fedha ya kununua asikae bila kufanya mazoezi. Afunge penseli yake. Ajue tu kwamba penseli imenyooka, na kama gitaa lake lina shingo iliyopinda usoni, nyuzi za pembeni hazitabanwa sawasawa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Shingo za magitaa hazifanani. Gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo pana, milimita 52 hivi pale mwanzoni, na uso wake ni bapa. Gitaa la nyuzi za chuma lina milimita 43 hivi, na uso wake umebinuka kidogo. Magitaa mengi ya umeme yanakaribiana na hilo. Kapo ya uso uliopinda ukiifunga kwenye shingo bapa, nyuzi za katikati zinabaki zimelegea. Kapo bapa ukiifunga kwenye shingo iliyobinuka, zinazolegea ni za pembeni. Kwa hiyo nenda dukani na gitaa lako mwenyewe. Funga kapo freti ya 2, piga uzi mmoja mmoja, sikiliza kama kuna unaokwaruza au uliokufa. Rudia freti ya 5. Kisha angalia ule mpira unaogusa nyuzi: ukiwa laini mno utachimbika mapema, na ukishachimbika mistari, nyuzi zinakaa ndani ya mistari hiyo na kuvutwa upande. Kama gitaa lako ni la nyuzi 12, tafuta kapo yenye nguvu iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Baada ya kununua, jifunze kuifunga. Kapo inakaa nyuma ya freti, upande wa kichwa cha gitaa, karibu sana na kile chuma bila kukipanda, na ikiwa sambamba nacho. Ukiiweka mbali na chuma itahitaji nguvu nyingi kubana, na nguvu nyingi inapandisha sauti. Ukiipandisha juu ya chuma chenyewe, nyuzi zinafifia. Ishushe kutoka juu, imebanuka, bila kuziburuta nyuzi upande. Halafu pitia kutuni. Nyuzi nene ndizo zinazopanda kwa wepesi zaidi. Programu ya simu au kile kipima sauti kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa kinatosha kwa kazi hiyo. Mpigaji anayefunga kapo na kuanza kupiga bila kusikiliza tuni anaiharibu kazi ileile aliyoifungia kapo. Na ukimaliza kupiga, ifungue. Kapo iliyolala kwenye shingo usiku kucha inachosha springi na kuchimba mpira wake.

Sasa tufike kwenye kubadili kii wimbo ukiwa njiani. Kwaya zetu zinapenda sana jambo hili: ubeti wa mwisho unapandishwa, watu wanasimama, makofi yanaanza. Kanuni ninayowaachia ni fupi. Wimbo ukipanda nusu toni, sogeza kapo. Wimbo ukipanda toni nzima, badili umbo na uache kapo ilipo.

Naeleza. Chukua kapo freti ya 3, unapiga umbo la G, wimbo uko B fleti. Mwimbaji anataka kupanda toni nzima, aende C. Usiguse kapo. Ondoka umbo la G uingie umbo la A: badala ya G, C na D unapiga A, D na E, na tayari uko C halisi. Vivyo hivyo umbo la C linapanda kwenda umbo la D, na umbo la D linapanda kwenda umbo la E. Hakuna pengo, hakuna kelele, mkono wa kulia haujasimama. Lakini akitaka nusu toni, aende B, maumbo ya wazi hayakusaidii. Hapo kapo ya springi ndiyo inayofaa: katika pigo la mwisho la mstari, mkono wa kushoto unaachia kodi, unabana kapo, unaiinua ikiachana na nyuzi, unaishusha freti ya 4, na vidole vinatua kwenye kodi katika pigo la kwanza la mstari unaofuata. Mkono wa kulia wakati huo unapiga nyuzi zilizozimwa au unagonga ubao wa gitaa ili mwendo usikatike. Mpiga ngoma akijaza nafasi hiyo, hakuna atakayesikia pengo.

Zipo pia kapo za kuviringika, zinazosukumwa kwa kidole gumba kutoka freti hadi freti bila kuinuliwa. Kwa anayepandisha kii mara nyingi katika wimbo mmoja ni chombo kizuri. Lakini mazoezi ndiyo yanayoamua. Jaribu polepole kwa metronomu, pigo 60 kwa dakika, mpaka mkono ujue njia pasipo macho kuutazama. Na panga mapema: wimbo unaotarajia kupanda mara mbili usiuanzie freti ya 7, kwa maana huko juu freti ni nyembamba na vidole vinasongamana. Nao wimbo unaotarajia kushuka usiuanzie bila kapo, kwa sababu kapo haiwezi kwenda chini ya mwanzo wa shingo. Yule mwimbaji wetu wa mwanzo, aliyeshindwa kwa G na kuhitaji kushuka nusu toni tatu, angepigiwa umbo la D na kapo freti ya 2. Hiyo ni E, na ingemtosha.

Kuna adabu moja ya lazima kwa wenye kapo. Mbele ya wenzako taja kii halisi, usitaje umbo. Ukiwa na kapo freti ya 3 na vidole kwenye G, mwambie mpiga besi na mpiga kinanda kwamba wimbo uko B fleti. Ukimwambia G, yeye atapiga G, na ibada au onyesho litaanza kwa fujo. Mpiga kinanda naye, kama amebonyeza kitufe cha kuhamisha kii, aseme vivyo hivyo sauti inayosikika, bila kutaja vidole vyake vilipo.

Mkiwa na magitaa mawili, kapo inawapa zawadi nyingine. Mmoja apige C bila kapo. Mwingine afunge kapo freti ya 5 na apige umbo la G. Wote wako C, lakini kodi zao zimekaa mahali tofauti, nyuzi zilizo wazi za mmoja si za mwingine, na kikundi kidogo kinasikika kimejaa. Wapenzi wa muziki wetu wa dansi wanajua thamani ya solo na ridhimu kutokanyagana. Hii ni njia rahisi ya kuanzia.

Na kii ya mwimbaji mnaipataje? Msianze na mstari wa kwanza wa wimbo. Mwombe aimbe mstari wenye nota ya juu kuliko zote, akiwa amesimama, kwa nguvu atakayoitumia mbele ya watu. Anapoimba hapo kwa raha, tafuta Do yake kwenye gitaa, kisha rudi uhesabu freti. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu sauti ya asubuhi ni nzito kuliko ya jioni, na mwenye mafua leo si yule wa juma lililopita. Wimbo ambao mwanamume anauimba kwa G, mwanamke mara nyingi ataustarehea kwenye C au D. Hizo ni freti ya 5 na ya 7 kwa umbo lilelile la G.

Kwa wanaoongoza nyimbo makanisani nawaongezea neno. Mkutano wa watu wa kawaida huanza kunyamaza nota zinapopita D ya juu. Kiongozi mwenye sauti nyembamba akichagua kii kwa raha yake, wazee na akina baba wanafunga midomo na kubaki kutazama. Watu walikuja kuimba. Shusheni wimbo mpaka babu wa kiti cha nyuma aweze kuufikia. Pale mwimbaji ni mkutano wote, kwa hiyo kii ni ya mkutano.

Wapiga gitaa wenzangu, nunueni kapo inayolingana na shingo ya gitaa lenu, ifungeni karibu na freti, tunini, hesabuni nusu toni mpaka iwe mazoea. Na kabla ya kupiga kodi ya kwanza ya wimbo wowote, mgeukieni mwimbaji mumuulize: nikuwekee wapi? Nanyi waimbaji, msione haya kujibu. Semeni ni juu mno, au ni chini mno, mpaka mfike mahali penu. Anayekataa kukuhamishia kii kwa sababu amezoea G hajawa tayari kupiga gitaa nyuma ya mtu.